Mbwa Ana Nini? Kutoka Dalili Unayoiona Hadi Chanzo Chake

Mbwa wangu aliacha kuja mlangoni kunipokea. Hakutapika wala hakuharisha. Alikula nusu ya chakula chake, akatikisa mkia, akarudi kulala. Nikadhani ni joto tu. Siku ya tatu nilimfunua mdomo nikakuta fizi zimepauka, karibu zifanane na meno, na nilipogeuza sikio nikaona kupe wanne waliojaa damu, wamevimba kama punje za kunde. Ilikuwa homa ya kupe. Alipona, lakini baada ya wiki nyingi za dawa ambazo zingekuwa nyepesi zaidi kama ningemfunua mdomo siku ya kwanza.

Tangu hapo sianzi na jina la ugonjwa. Mwenye mbwa haoni ugonjwa, anaona dalili, na dalili moja huweza kuletwa na magonjwa mengi yasiyohusiana. Kinachoyatenganisha ni mambo unayoweza kuyatazama mwenyewe kabla hujapiga simu: rangi ya fizi, umbo la kinyesi, mahali anapojikuna, umri wake na chanjo alizopata.

Kwanza jua akiwa mzima yukoje

Vipimo hivi vifanye siku ambayo mbwa hana tatizo, kisha uviandike. Bila hivyo hutajua kilichobadilika.

Anza na fizi. Inua mdomo wa juu utazame: kwa kawaida ni za rangi ya waridi na zina unyevu. Bonyeza kwa kidole hadi pawe peupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi zilizopauka zinaonyesha damu imepungua au haizunguki vizuri. Za njano zinaelekeza kwenye ini au kwenye chembe nyekundu za damu zinazovunjwa. Za bluu maana yake hapati hewa. Nyekundu iliyokolea kama tofali huonekana kwenye joto kali au maambukizi yaliyoenea mwilini. Zikiwa kavu na zinanata, amepungukiwa maji. Kuna mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili. Hao watazame ndani ya kope la chini.

Joto la mwili ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, hivyo mbwa mzima ana joto kuliko wewe. Tumia kipimajoto cha kidijitali kilichopakwa mafuta ya mgando, ukiingize taratibu njia ya haja kubwa. Pua kavu si kipimo cha homa. Ikifika 40, aonwe na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Pumzi zihesabu akiwa usingizini, kifua kinavyoinuka kwa dakika nzima. Mbwa aliyelala huvuta pumzi chini ya mara 30. Ikizidi hapo usiku baada ya usiku, hasa kwa mbwa mzee, moyo unahitaji kuchunguzwa hata kama bado hajaanza kukohoa.

Hali ambazo hazisubiri asubuhi

Mbwa anayejikakamua kutapika lakini hakitoki kitu, huku tumbo limejaa na limekaza kama ngoma, tumbo lake la chakula limejaa gesi na huenda limejipinda. Hutokea zaidi kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na humwua ndani ya saa chache. Tiba yake ni upasuaji. Wa haraka hivyo hivyo ni dume anayeinua mguu kila mara bila mkojo kutoka, maana huenda jiwe limeziba njia, na mbwa mwenye degedege lililopita dakika 5 au lililorudi ndani ya siku moja. Ongeza hapo fizi nyeupe au za bluu, na mbwa aliyekula sumu hata kama bado anacheza.

Anatapika

Tenganisha kwanza kutapika na kucheua. Anayetapika humeza mate, tumbo linakaza mara kadhaa, ndipo kitu kitoke. Anayecheua huinamisha kichwa tu na chakula kinaanguka kama kilivyoingia, pengine kimejiviringisha mithili ya soseji. Kucheua kunaonyesha tatizo la koo la chakula, na kumnyima chakula hakutamsaidia.

Akitapika mara moja au mbili naye bado ni mchangamfu, mara nyingi amekula takataka au amebadilishiwa chakula ghafla. Mbwa mkubwa mpumzishe tumbo saa chache, zisizidi 12, umpe maji kidogo kidogo badala ya bakuli zima. Kisha mpe kuku wa kuchemsha asiye na mafuta wala mifupa pamoja na wali mweupe, mafungu madogo mara nne kwa siku. Mtoto wa mbwa usimnyime chakula muda mrefu, sukari yake hushuka upesi. Na siku ukitaka kumbadilishia chakula, changanya kipya na cha zamani kwa muda wa siku 7 hivi.

Mambo yanabadilika ikiwa hata maji hayakai. Hapo fikiria kitu kilichokwama: mfupa, soksi, gunzi la mahindi, kipande cha mpira. Kagua chini ya ulimi, kwani uzi mrefu huweza kunasa pale huku ncha nyingine ikishuka utumboni. Uzi wa namna hiyo usiuvute, maana hukata utumbo kama msumeno.

Kama alikula mafuta mengi jana na leo anainamisha kifua chini huku makalio yakibaki juu, na anasikia maumivu ukimgusa tumbo, kongosho huenda limevimba. Mbwa mzee anayetapika mara kwa mara kwa wiki kadhaa apimwe damu. Figo, ini na kisukari hujionyesha kwa njia hiyo.

Anaharisha

Najua hakuna anayependa kutazama kinyesi, lakini hakuna mahali mwili wa mbwa unaposema wazi zaidi. Akienda mara nyingi, kila mara kidogo, kwa kujikakamua, na kinyesi kina ute kama makamasi au michirizi ya damu nyekundu, tatizo liko kwenye utumbo mpana. Linachosha, ila mara nyingi si la hatari. Akitoa kingi cha majimaji naye anakonda, ni utumbo mwembamba. Kinyesi cheusi kinachong'aa kama lami ni damu iliyokwisha kusagwa, imetoka tumboni au juu ya utumbo. Huyo apelekwe.

Ikiwa ni mtoto wa mbwa, swali la kwanza ni chanjo. Virusi vya parvo humpata zaidi aliye kati ya wiki 6 na miezi 6. Huanza kwa unyonge siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, halafu kutapika, halafu kuharisha maji yenye damu na harufu nzito ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Virusi hivi hushambulia chembe zinazogawanyika haraka, yaani utando wa utumbo na uboho wa mifupa. Kwa hiyo mtoto anapoteza maji na wakati huo huo askari wake wa damu wanakwisha. Kinachomwokoa ni maji ya mishipani, dawa za kuzuia kutapika na antibiotiki za kukinga bakteria wanaopenya utumbo uliochubuka. Akianza tiba saa za mwanzo ana nafasi nzuri. Akikaa nyumbani siku mbili akinyweshwa maji ya chumvi na sukari huku akiyatapika, nafasi hiyo inamponyoka.

Watu wengi huumia kwa neno moja: "Ameshachanjwa." Ukiuliza zaidi, alichomwa sindano moja akiwa na wiki 6. Tatizo ni kwamba kinga aliyoipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, huizima chanjo inapoingia mapema, na hakuna anayejua kwa jicho ni siku gani kinga hiyo imekwisha. Ndiyo sababu chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na haiishii mpaka afikishe wiki 16. Kabla ya hapo asitembezwe mahali mbwa wengine wanapojisaidia.

Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu na vyombo vioshe kwanza, kisha vipake dawa ya klorini ya kufulia nguo, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, uache dakika 10. Ukifiwa na mtoto wa mbwa kwa parvo, usilete mwingine asiyekamilisha chanjo kwenye ua ule ule hivi karibuni.

Minyoo nayo huleta kuharisha. Minyoo mviringo hufanana na tambi, na mtoto wa mbwa huwa na tumbo kubwa huku mbavu zikionekana. Minyoo ya safura ni vigumu kuiona kwa macho, lakini hunyonya damu hadi fizi zikapauka. Tegu huacha vipande kama punje za mchele kwenye manyoya ya chini ya mkia. Aina ya kawaida huletwa na viroboto, kwa hiyo ukitibu minyoo ukaacha viroboto, watarudi. Watoto wa mbwa hupewa dawa kuanzia wiki ya 2, kila wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo mpime kwa mizani. Osha mikono ya watoto wanaocheza naye, maana mayai ya minyoo mviringo huwaingia binadamu pia.

Anajikuna

Tazama mahali. Akijing'ata juu ya shina la mkia na nyuma ya mapaja, ni viroboto, hata kama humwoni hata mmoja. Mchane kwa kitana juu ya karatasi nyeupe iliyoloa: vumbi jeusi likiacha doa la wekundu wa kahawia, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako. Wanaoonekana mwilini ni sehemu ndogo tu, kama asilimia 5; waliobaki ni mayai, funza na pupa (funza aliyejifungia kabla ya kuwa kiroboto) kwenye malazi, nyufa na mazulia. Kwa hiyo osha matandiko kwa maji moto, fagia pembe zote, na tibu kila mnyama wa nyumbani kwa wakati mmoja. Pupa hukaa amejifungia majuma mengi, hivyo dawa ya siku moja haitoshi.

Akijikuna kingo za masikio na viwiko mpaka manyoya yanatoka, na wewe umeanza kuwashwa mikononi, ni upele wa kuambukiza. Mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho na mdomo wa mbwa mchanga, asiyewashwa sana, huwa ni demodeksi, mdudu anayeishi ndani ya vinyweleo na asiyewasumbua watu. Mabaka ya mviringo yenye magamba yanaweza kuwa mapunye. Naye anayeramba nyayo, masikio yake yanawaka na kwapa zimekuwa nyekundu, tena mara kwa mara, mfikirie mzio. Daktari hukwangua ngozi na kutazama kwa hadubini. Ni kipimo cha dakika chache kinachookoa miezi ya kubahatisha.

Tafadhali usimpake mafuta machafu ya injini. Yanachoma ngozi, na mbwa huyalamba. Dawa za kuogeshea mifugo wakubwa zina nguvu tofauti na zimemwua mbwa si mmoja. Ivermektini ni hatari kwa mbwa wa jamii ya Collie na wengine wenye kasoro ya jeni iitwayo MDR1, kwani huwafikia ubongoni. Na ukimpaka mbwa dawa ya permethrini, paka asilale naye. Mbwa huivumilia, paka humwua.

Kutikisa kichwa na kuinamisha sikio moja ni uvimbe wa sikio au kitu kilichoingia. Usichokonoe kwa pamba ya kijiti, na usitie matone kabla kiwambo cha sikio hakijatazamwa.

Amepoa tu, hataki kula

Hapa narudi kwa kupe. Mbwa aliyepoa bila sababu, mwenye homa, mkague kwa vidole kuliko macho: ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani, chini ya mkanda wa shingoni, chini ya mkia. Kupe mtoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kummwagia mafuta, kwani anapokufa taratibu huweza kurudisha mate yake kwenye kidonda.

Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza erlikia, bakteria wanaoishi ndani ya chembe nyeupe za damu. Dalili huanza wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa: homa, tezi zilizovimba, damu puani, vidoa vyekundu kwenye ngozi ya tumbo. Zinaweza kupoa zenyewe, ugonjwa ukajificha miezi au miaka, kisha ukarudi ukiwa umefika kwenye uboho. Babesia, ambayo nayo huletwa na kupe, ni ndugu wa malaria: huvunja chembe nyekundu, mkojo ukawa wa kahawia kama chai ya rangi na fizi zikageuka njano au nyeupe. Magonjwa haya mawili hutibiwa kwa dawa tofauti, na mbwa mmoja huweza kuwa nayo yote, ndiyo maana kipimo cha damu kinatangulia dawa. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Siku ya nne mbwa atakula na kuruka, nawe utashawishika kuacha. Mimi pia nilishawishika. Endelea hadi kidonge cha mwisho.

Anakohoa, anachechemea, anakunywa maji kupita kiasi

Kikohozi kikavu kama sauti ya bata, kwa mbwa aliyekutana na wenzake karibuni, mara nyingi huisha kwa mapumziko ya wiki moja hadi mbili. Mfunge mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni. Kikohozi chenye makamasi mazito na tongotongo, hasa kwa asiyechanjwa, kinaweza kuwa distempa, ugonjwa wa virusi ambao baadaye huleta mitetemo ya misuli na degedege. Kikohozi cha usiku kwa mbwa mzee ni cha moyo hadi ithibitike vinginevyo.

Anayechechemea mtazame nyayo kwanza, kati ya vidole na kwenye kucha, kabla ya kufikiria mifupa. Asiyekanyaga kabisa aonwe siku hiyo. Usimpe dawa zako za maumivu: ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kuua figo, parasetamoli huharibu ini na damu.

Maji yapime kwa chupa. Akizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kuna jambo: kisukari, figo, tezi za juu ya figo. Jike asiyefungwa uzazi, anayekunywa sana, amepoa, na alikuwa kwenye joto (siku za kutaka dume) ndani ya miezi miwili iliyopita, huenda ana usaha kwenye mji wa mimba. Usaha unaweza kutoka nje au usionekane kabisa, na usipoonekana ndipo hatari inapozidi. Tiba ya uhakika ni upasuaji.

Amekula sumu, amezidiwa na joto

Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na sukari ya zailitoli iliyomo kwenye ubani wa kutafuna na baadhi ya dawa za meno za watu, zote ni sumu kwake. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda haionyeshi kitu siku za mwanzo; damu huanza kuvuja baada ya siku 3 hadi 5, na vitamini K1 ikianza mapema humwokoa. Dawa nyingi za kuua wadudu humfanya atoke udenda na kutetemeka ndani ya dakika au saa. Maziwa si dawa ya sumu. Usimtapishe aliyekunywa petroli au kitu kinachounguza, wala anayeyumba au aliyepoteza fahamu.

Joto likimzidia, anahema kwa nguvu, udenda unanata, fizi nyekundu, anayumba: mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha safari. Wenye pua fupi huzidiwa haraka kuliko wote.

Tabia imegeuka ghafla

Mbwa mpole aliyegeuka mkali, au mkali aliyegeuka mpole kupita kiasi, taya limelegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza: usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie bila kumgusa, uite mamlaka ya mifugo. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali saa hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikitolewa mapema baada ya kuumwa, humkinga. Mbwa huchanjwa kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 3.

Ukifika kwa daktari

Beba sampuli ya kinyesi au matapishi ndani ya mfuko, pakiti ya sumu kama ipo, na daftari la vipimo vyake akiwa mzima. Kikohozi, kuchechemea na degedege virekodi kwa simu, maana mbwa akiingia mahali pageni husisimka na pengine atembee sawasawa mbele ya meza ya daktari. Taja saa ya kila dalili kwa mfuatano, na dawa zote ulizompa nyumbani, hata ile unayoona haya kuitaja. Daktari akimchoma dawa ya maumivu juu ya kidonge ulichompa asubuhi bila yeye kujua, tumbo na figo za mbwa huweza kuharibika kabla hamjafika nyumbani.